Wageni Waliokuja Kutulinganisha

Simu ilinikuta nikipepeta ndengu nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Dallas, Embu. Aliyepiga alikuwa mwanamke. Kiswahili chake kilikuwa kizuri lakini si cha huku. Kilikuwa laini, kama cha mtu aliyejifunza Kifaransa kwanza. Alisema anatafuta mkalimani anayejua Kimeru, Kimbeere na Kiingereza, na kwamba kuna mtu aliyempa nambari yangu.

"Mtu gani?" nikamuuliza.

Akacheka. "Huyo mtu aliniambia utauliza hivyo."

Kicheko hicho hakikunituliza. Nilifundisha Kiswahili na Jiografia katika shule za sekondari kwa miaka mingi kabla sijaacha chaki na kuingia kazi ya ukalimani, na darasani nilijifunza jambo moja: mtoto anayecheka kabla ya kujibu anatafuta nafasi ya kulipanga jibu. Nikamwambia nitafikiria.

Mume wangu alikuwa mezani, amefungua redio ya jirani na kutandaza vipande vyake juu ya gazeti. Nikamweleza. Watu wawili wanakuja, mmoja wa Rwanda, mwingine wa Bangladesh. Wanalinganisha nchi tatu, hizo zao mbili na yetu. Wanataka kujua miradi ya maendeleo inayofunguliwa kwa ngoma na hotuba huishi vipi ngoma zikishanyamaza. Umaskini umepungua wapi, na rushwa inapitia mlango gani.

"Wakishalinganisha?" akauliza bila kuinua macho.

"Wataandika."

"Wakishaandika?"

Akapuliza vumbi kwenye redio. "Mtu hamkagui ng'ombe wa jirani bure," akasema. "Ama anataka kumnunua, ama anataka kwenda kumsema."

Nilikubali kazi hiyo hata hivyo, kwa sababu ambayo sikumwambia. Niliona kwamba ikiwa watu wetu ni wa kusemwa, afadhali wasemwe mbele yangu. Ni jambo la ajabu. Sisi wenyewe tukikutana matangani au harusini, tunaanza kuitukana serikali kabla chai haijapoa. Tunawataja wezi kwa majina na kwa majina ya baba zao. Lakini mgeni akituuliza kwa upole kama kweli kuna ufisadi, wote tunageuka mawakili.

Walipofika niliwatazama kama ninavyomtazama mtu anayeniuzia maziwa barabarani. Mwanamke wa Rwanda alikuwa mfupi, nywele amezikata karibu na kichwa, na alikuwa na tabia ya kunyamaza baada ya kujibiwa, kana kwamba jibu bado linakuja. Mwanamume wa Bangladesh alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye ndevu za mvi, na alitia pilipili kwenye kila kitu, hata mayai. Yeye hakuwa mtu wa kuuliza sana. Kila mahali alichutama na kuangalia chini. Nilijiambia, huyu amekuja kuangalia udongo. Kesho tutasikia shamba la mtu lina madini.

Mahali pa kwanza palikuwa Mbeere, kule chini kwenye joto, nyumbani kwa kina mume wangu. Ni nchi ya mbuzi, ndengu na muguka wa kutafuna, na kwa miaka yote niliyoolewa huko nimeijua kama nchi ambayo mgeni anapewa kikombe kimoja cha maji na kuangaliwa anavyokinywa. Kulikuwa na mradi mpya pale: kisima kirefu, pampu ya sola, tangi juu ya nguzo na kioski cha maji chenye mifereji. Nilikuwa nimeuona wakati wa Krismasi. Mifereji ilikuwa mikavu, na mbuzi mmoja alikuwa amelala kwenye kivuli cha tangi.

Siku hiyo mifereji yote ilitiririka. Wanawake walikuwa wamevaa vitambaa vya kanisani. Mwenyekiti wa kamati alifungua mkutano kwa maombi marefu, akamshukuru Mungu kwa maji, kwa sola na kwa wageni. Wakati wengine wamefumba macho, mimi niliyafumbua yangu. Nikaona kwamba barabara inayoelekea kwenye tangi imelowa. Vumbi lote la pale ni jekundu na kavu, lakini ukanda huo ulikuwa mweusi kwa maji, na ndani yake kulikuwa na alama za magurudumu makubwa.

Moyo wangu ukasema: lori la maji. Wameleta maji jana, wakajaza tangi, na njia nzima lori limekuwa likivuja.

Nilimwinamia yule mama wa Rwanda. "Waulize Krismasi maji yalikuwa wapi."

Akauliza hivyohivyo, kwa sauti, mbele ya wote, na mimi nikatafsiri kwa Kimbeere kana kwamba swali halikutoka kwangu. Mwenyekiti alisita. Akasema pampu ilikuwa imeharibika, wakachanga, fundi akaja. Nilitafsiri maneno yake sawasawa, lakini naijua sauti yangu. Nililitafsiri jibu lile kama hakimu anavyomsomea mshtakiwa utetezi wake.

Wakati huo yule bwana wa Bangladesh alikuwa amechutama chini ya mfereji, akipapasa saruji kwa kidole.

"Mahali ambapo maji hudondoka kila siku," akasema kwa Kiingereza, taratibu, "hubaki ukijani. Hapa hakuna."

Nilijisikia vizuri, sitaficha. Kuna raha mbaya ya kugundua kwamba ulivyoshuku ndivyo ilivyo. Njia nzima ya kurudi Embu niliwaeleza jinsi huku kwetu kila kitu hufanyiwa mazoezi kabla ya mgeni kufika, na nikawaona wakitazamana.

Jua lilikuwa bado halijatua wifi yangu aliponipigia. Ni dada mkubwa wa mume wangu, anakaa karibu kabisa na kile kioski, na siku hiyo alikuwa amekaa mstari wa mbele na kitambaa chake cheupe. Hakunisalimia.

"Wifi, kwani sisi ni wezi?"

"Nani amesema?"

"Mimi nakujua. Nilikuona ukiangalia ile barabara wakati wa maombi. Ukanong'ona, halafu lile swali la Krismasi likatoka. Yule mgeni angejuaje mambo ya Krismasi?"

Nikamwambia niliona njia imelowa, na alama za lori.

"Lori lilileta viti na hema. Na maji tulimwaga sisi wenyewe, wanawake, tangu alfajiri, ndio wageni wasikule vumbi. Wewe umeolewa huku miaka yote hii. Umewahi kuona mtu hana maji akienda kuyamwaga barabarani?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Na ile saruji," akaendelea, "tuliisugua na mchanga na sabuni mpaka vidole vikachubuka. Ilikuwa na ukijani, ndiyo. Tulionelea ni uchafu. Kwani mgeni anakuja kuonyeshwa uchafu?" Kisha sauti yake ikashuka, na hapo ndipo iliponiuma. "Sisi tumezoea watu wa ofisi kutufikiria vibaya. Hatukujua na wewe uko nao."

Asubuhi niliwaambia wageni yote. Yule bwana wa Bangladesh alijipiga kofi kwenye paji la uso. Yule mama wa Rwanda akamwambia dereva, "Turudi. Bila kuwapigia simu."

Tulirudi. Hakukuwa na mwenyekiti wala vitambaa vya kanisani. Kulikuwa na msichana mmoja aliyekuwa akijaza mtungi huku akiimba, na mbuzi waliokuwa wakisukumana kwenye hori la saruji. Nyuki walikuwa wamejaa kwenye mfereji wa mwisho ambao haukufunga vizuri. Maji yalikuwepo, baridi, yenye ladha kidogo ya chumvi. Kwa mbali nilimwona wifi yangu akitoka shambani na mzigo wa majani. Alituona. Hakuja, na mimi sikuwa na uso wa kwenda.

Kutoka hapo tulipanda kuelekea Meru, na nilijiwekea nadhiri kimya kimya kwamba nitaacha kuwashuku watu wangu. Nilikuwa na uchungu nao, na nilikuwa na uchungu na hawa wawili walionifanya niwaangalie wangu kwa jicho la kigeni. Nikawaambia kwamba tukishamaliza Laare na Maua, nitawapeleka kwetu Githongo, nilikozaliwa, kwenye zahanati ambayo kaka yangu mkubwa ni mwanakamati wake. "Kule," nikasema, "nitawaonyesha mradi ninaoujua kwa ndani." Kusema kweli niliujua kwa picha za siku ya kufunguliwa tu. Nikampigia kaka simu hapohapo garini, nikamtajia siku ya kufika. Nilitaka wanywe chai nzuri.

Laare hatukupata mengi. Gari letu liliposimama tu, wapakiaji wa miraa walifunika vifurushi vyao kwa majani ya migomba na kutawanyika, na waendesha bodaboda wakageuza pikipiki. Mama mmoja aliyebaki aliniuliza kwa Kimeru, "Hawa ni wa kodi?" Nikamwambia ni wa utafiti. Akatikisa kichwa. "Ni kitu kimoja," akasema, akaendelea kufunga miraa yake.

Maua tulikaribishwa chakula na mfanyabiashara mmoja Mwislamu ambaye babu yake alikuja na ngamia, akakaa, na sasa mjukuu ana magari ya kubeba miraa usiku kucha. Alitupa pilau na mbuzi wa kuchoma, na yule bwana wa Bangladesh akafurahi kwa mara ya kwanza, kwa sababu kulikuwa na pilipili ya kweli. Mama wa Rwanda alisubiri mpaka mikono imenawishwa, ndipo akauliza kama biashara ya magari barabarani inadai kutoa hongo.

Mwenyeji wetu aliweka mkono kifuani. "Mama, mimi hutoa sadaka. Hongo hutoa jirani yangu."

Tulicheka sote. Kisha mgeni akauliza, "Nikienda kwa jirani yako?"

"Atakwambia ni mimi."

Garini, wakati tunarudi Meru mjini, niliwauliza swali ambalo lilikuwa limenikaa kooni tangu Embu. Kati ya nchi tatu, tuko wapi? Nilijua hawatanijibu, lakini nilitaka kuona watakavyokataa.

Mama wa Rwanda alitazama nje, mashamba ya chai yakipita. "Kwetu ukiuliza swali unajibiwa vizuri sana," akasema. "Barabara ni safi, watu wamejipanga, jibu liko tayari. Na mimi, mtoto wa huko, jibu zuri mno linanikosesha usingizi. Huku kwenu watu wanapiga kelele, na bado sijui kama kelele ni ukweli."

"Na Bangladesh?"

Yule bwana alifikiri. "Kwetu tumesonga mbele sana. Watoto hawafi kama walivyokuwa wakifa nilipokuwa mdogo, na wasichana wanasoma. Haya ni kweli, nimeyaona kwa macho yangu. Lakini mto ukija, unabeba shule na barua ya kuisifia shule, vyote pamoja. Halafu mtu fulani analipwa kujenga tena, na anaombea mto urudi."

Nilitamani kuwaamini. Lakini nikajiuliza pia: mtu anayekosoa kwao mbele yako, je, hakuvuti na wewe ukosoe kwako?

Githongo tulifika asubuhi yenye ukungu mwembamba, kahawa imeiva, matunda mekundu kwenye kila mti. Zahanati ilikuwa juu ya kilima kidogo, imepakwa rangi ya kijani na nyeupe, na wodi ya uzazi ilikuwa mpya upande wa nyuma. Kaka yangu alitupokea na koti lake la harusi. Nilijivuna. Ndani kulikuwa na harufu ya sabuni, vitanda vilivyotandikwa, jokofu la chanjo lililokuwa likinguruma, na nesi kijana aliyesimama wima kama askari. Kwenye kitanda cha karibu na dirisha alikuwa amelala mama aliyejifunika mpaka kidevuni, na mtoto kando yake.

"Huyu alijifungua juzi," kaka akasema.

Nilimkaribia nimpe pole, na nikamjua. Alikuwa mke wa mtoto wa kaka, yaani mke wa mpwa wangu. Nilikuwa nimempelekea uji wa uzazi mimi mwenyewe, katika hospitali ya Meru mjini, kabla kahawa haijaanza hata kutoa maua.

Yeye pia alinitazama, akafumba macho, kama mtoto anayedhani asipokuona hutamwona.

Yule bwana wa Bangladesh alikuwa tayari amechutama. Sijui aliona nini kwanza, lakini mimi nilifuata macho yake na kuona gambuti za mpira chini ya kitanda, na udongo mbichi wa shamba la kahawa juu yake. Mtoto naye alikataa kulala. Alijigeuza, akajiinua kwa mikono, akaketi, akaushika mkufu wa mama wa Rwanda na kuupeleka mdomoni.

Hakuna aliyecheka. Yule bwana aliinuka, akauliza kwa Kiingereza, kwa upole, kama anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua: "Tafadhali muulize, alijifungua lini?"

Nikauliza kwa Kimeru. Mke wa mpwa wangu anajua Kiswahili vizuri na Kiingereza cha kutosha. Alimaliza kidato cha nne. Lakini alijibu kwa Kimeru, sauti ya chini.

"Shangazi, wameniambia nijibu kwa Kimeru ili jibu lipitie kwako. Wamesema wewe utajua la kusema. Mimi nimechoka kulala hapa, na kahawa yangu inaanguka."

Kutoka mlangoni kaka yangu naye akasema kwa Kimeru, bila kugeuza uso, akitabasamu kwa wageni: "Mwambie juzi. Neno moja tu. Juzi."

Nakumbuka ngurumo ya lile jokofu. Walikuwa wamepanga kila kitu, shuka, nesi, mtoto, na mimi pia walikuwa wamenipanga. Nilikuwa sehemu ya vyombo vya siku hiyo. Na mpango wote ulianza na simu yangu.

"Amesema nini?" akauliza yule mama wa Rwanda.

Kama ingekuwa kabla ya Mbeere, pengine ningefurahi kuwashika. Siku hiyo sikuwa na furaha yoyote. Lakini nilikumbuka jinsi nilivyoyatafsiri maneno ya mwenyekiti wa Mbeere kwa sauti ya hakimu, maneno ambayo yalikuwa kweli tupu. Nisingeweza kuwatendea hivyo wale, kisha nikawapa wangu uongo laini.

Nikatafsiri. Nilitafsiri ya mke wa mpwa wangu yote, hata ya kahawa. Kisha nikatafsiri ya kaka, hata lile "neno moja tu."

Nesi kijana ndiye wa kwanza kusogea. Alikaa kwenye kitanda kingine na kuvua kofia. Mke wa mpwa wangu aliketi, akavuta gambuti zake, akamnyang'anya mtoto ule mkufu na kumrudishia mwenyewe. "Samahani," akasema kwa Kiswahili, akatoka na mtoto wake mgongoni, moja kwa moja kuelekea shambani.

Kaka alinishika mkono na kunipeleka nyuma ya jengo. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Umetuvua nguo mbele ya watu."

"Nani aliwavisha hizo nguo, kaka?"

Akaonyesha jengo kwa kidevu. "Unajua hili limekaa likiwa limefungwa tangu lifunguliwe? Walikata utepe, wakala, wakaenda. Nesi hakuletwa. Stima haikuletwa. Hiyo friji imechomekwa kwa jirani, kwa mashine ya kusaga unga. Huyu nesi ni wa kliniki ya mtu binafsi, tumemwazima. Shuka ni za nyumba zetu."

"Kwa nini hamkusema hivyo?"

"Kwa nani?" Sasa sauti ilipanda. "Tulisema! Tukaambiwa tungoje. Halafu ulipotupigia, habari ikafika kwa afisa mmoja wa kaunti, naye akatupigia juzi, akasema wageni wakikuta jengo limekufa, Githongo haitapata kitu tena, wataandika tumeshindwa. Akasema, lifanyeni lionekane lina uhai. Sasa wewe umewaambia limekufa. Hao wakienda zao, nani atabaki na maiti?"

Nilimwangalia kaka yangu. Alinilipia karo kwa kuchuma kahawa ya watu alipokuwa kijana, na sijawahi kumjua kuwa mwongo. Hata sasa sijui kama siku hiyo alikuwa mwongo, au alikuwa mtu maskini aliyejifunza kwamba mwenye shida akionekana na shida anakatwa jina. Nilitaka kumwuliza kama ule utepe ulipokatwa yeye naye alikula. Sikuuliza. Mpaka leo sijauliza.

Tulipogeuka, tulimkuta yule bwana wa Bangladesh ameshafuata waya kutoka dirishani, kupitia ua, mpaka kwenye mashine ya unga, na mwenye mashine akimweleza kwa mikono jinsi friji inavyozimika mahindi yakizidi. Alirudi kwetu, akamsalimia kaka kwa mikono miwili, akaniomba nitafsiri.

"Mwambie nilipokuwa mtoto nilikuwa mwanafunzi wa kuazimwa. Mkaguzi akija shule ya kijiji cha pili, tulikuwa tunapelekwa kwa mashua kujaza madarasa. Tulipewa biskuti. Nilikuwa najua kukaa kimya vizuri sana. Mwambie siku moja mkaguzi aliniuliza jina la mwalimu wangu, nikataja wa shule yangu ya kweli. Nilipigwa nilipofika nyumbani."

Nikatafsiri. Kaka alisikiliza huku akiangalia viatu vyake.

"Muulize," akasema hatimaye, "hiyo shule iliendelea?"

Yule bwana aliinua mabega. "Walileta mwalimu mmoja. Alikaa muda mfupi, akaondoka. Mvua zilipokuja hapakuwa na shule tena ya kubishania."

Chai ilikuwa imeandaliwa. Tuliinywa, kwa sababu ilikuwa imepikwa, na hakuna aliyezungumza zaidi ya kuomba sukari.

Baadaye tuliitwa Meru mjini, kwenye ukumbi wa hoteli, kusikiliza matokeo yakisomwa. Nilikaa nyuma. Walisoma habari za nchi tatu, wakaeleza jinsi katika kila nchi walikuta vitu vya kuazimwa, kwingine wanafunzi, kwingine dawa, kwingine wagonjwa, na kwingine walikuta mradi unaofanya kazi kuliko walivyotarajia, hasa pale ambapo wenyeji waliutengeneza kwa mikono yao ulipoharibika. Mahali hapakutajwa kwa majina. Nilimsikia mama wa Rwanda akisoma kwa Kiingereza safi, kilichonyooshwa, na nikajiuliza ni nani aliyekinyoosha. Maneno kama "wizi" hayakuwemo. Kulikuwa na "changamoto". Mstari wa mbele walikaa maafisa, na wote walipiga makofi kwenye kila changamoto.

Nilimngoja mlangoni. "Uliyoyaona ndiyo uliyoyaandika?" nikamuuliza.

Alinyamaza kama kawaida yake, na safari hii nilielewa kwamba kunyamaza kwake hakukuwa mtego. Alikuwa amechoka.

"Niliandika," akasema. "Halafu yakapita kwenye mikono mingi. Na wewe, mama, uliyatafsiri yote?"

"Yote."

"Basi wewe ulikuwa na bahati. Ulikuwa mkono mmoja tu."

Kwa wifi yangu nilikwenda mwenyewe, bila mume wangu. Nilimpelekea majani ya chai na blanketi, akavipokea, akavipeleka ndani, akanikalisha jikoni nimsaidie kuchambua ndengu mpaka jioni. Hakutaja lile jambo. Ila kila jirani alipopita, wifi aliniita "mgeni wetu wa maji", na watu wakacheka, na mimi nikacheka nao kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa faini yangu.

Kaka alichukua muda mrefu zaidi. Githongo waliniita mpelelezi, na nilisikia kwamba kuna waliosema nililipwa na Wahindi, wakimaanisha yule bwana wa Bangladesh. Kisha mwaka huu, ghafla, stima ikavutwa mpaka zahanati, na nesi akaletwa, mwenye barua ya ajira, si wa kuazimwa. Wengine wanasema ni ile taarifa. Mimi nashuku ni uchaguzi unaokaribia, kwa sababu nguzo za stima zilishushwa na gari lenye picha ya mtu ubavuni.

Kaka alinipigia kunijulisha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunipigia tangu siku ile, na hakusema neno la samahani, wala mimi sikulisema. Alizungumza habari za nesi tu. Amepanga chumba karibu na soko. Anafika kazini mapema. Amezalisha wanawake kadhaa, akiwemo jirani yake kaka. Lakini kijiji hakijamwamini. Wanapita nyuma ya chumba chake kuangalia kama amepanda sukuma wiki, maana mtu anayepanda ni mtu anayekusudia kuvuna.

"Na amepanda?" nikamuuliza.

"Bado. Lakini jana amenunua kuku."

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Wa kufuga au wa kuchinja?"

Nilimsikia kaka akipumua kwenye simu, na nyuma yake mashine ya unga ikisaga.

"Hiyo ndiyo tunangoja kuona," akasema.